Sheikh Kaluta Amri Abedi na Jihadi ya Kalamu

Mpenzi msomaji, huenda umewahi kuambiwa kwamba Waahmadiyya ni watu wa kumnyenyekea kila mtawala, na kwamba mafundisho yetu juu ya jihadi yaliwafaa wakoloni kuliko waliotawaliwa. Kabla hujayakubali maneno hayo, tafadhali yatazame maisha ya Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Ikiwa unakaa Kichiwa, au popote kati ya Makambako na Njombe, basi wazee wako walikwisha kulikabili jambo hili kwa damu yao. Mwezi wa Septemba 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, wakitumaini kwamba maji waliyopewa yangewakinga na risasi. Hayakuwakinga. Kisha askari wa Wajerumani wakateketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Waliokufa katika Vita vya Maji Maji wanakadiriwa kuwa baina ya 75,000 na 300,000. Sisi hatuwalaumu wazee wale. Walidhulumiwa, wala hawakuwa na baraza lolote la kupelekea malalamiko yao. Lakini tunauliza: mlango mwingine ulipofunguka baadaye, je, aliyeupita alikuwa mwoga?

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma katika shule ya Serikali ya Tabora. Aliingia katika Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mwanafunzi na msaidizi wa Sheikh Mubarak Ahmad, akayatoa maisha yake kwa kazi ya dini. Humo alijifunza kwamba, kama alivyofundisha Seyidna Ahmad (a.s.), vita vya upanga kwa ajili ya dini havina nafasi pale watu wasipozuiliwa kumwabudu Mola wao, jihadi ya zama hizi ni ya hoja, ya kalamu na ya kuitakasa nafsi. Mwislamu huitii sheria ya nchi, naye hudai haki yake bila fitina. Je, huko ni kuiridhia dhuluma? Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikaa Makka miaka 13 tangu kupewa utume, akiteswa yeye na masahaba zake, asiinue upanga, wala hakunyamaza. Anayechanganya subira na kunyamaza hajauelewa Uislamu.

Kalamu ya Sheikh Amri haikunyamaza pia. Alishiriki katika tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1953. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Usikidharau kitabu hicho ukakiona ni cha burudani tu: mtu aliyetawaliwa alikuwa akionyesha kwamba lugha yake ina kanuni na heshima. Baadaye alikwenda Rabwah, Pakistan, kuongeza elimu ya dini.

Katika siasa alikuwa mtu wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Silaha zake zilikuwa mikutano ya hadhara, kadi za uanachama na hoja mbele ya Umoja wa Mataifa. Januari 1958, huko Tabora, chama kilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti hayo yalikuwa ya kuudhi, na wengine walijitoa chamani kwa hasira. Waliobaki wakapiga kura, wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru bila vita.

Tukiri kwamba wakati ulisaidia: Mbeyela hakuwa na Umoja wa Mataifa wa kumsikiliza. Lakini nafasi peke yake haimkomboi mtu asiyekuwa na subira ya kuitumia.

Mwaka 1960 Sheikh Amri alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, kisha akapewa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni. Alifariki Ujerumani mwezi wa Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Uwanja wa michezo wa Arusha unaitwa kwa jina lake.