Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Wasomaji, taa tusomeazo usiku huwaka kwa nguvu za maji ya Nile yanayozungusha mitambo ya Jinja, katika bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo laitwa Nalubaale. Aliyevumbua siri ya mitambo ile alianza kazi akijalidi vitabu vya watu. Nataka kuwasimulia habari zake, maana nina deni nyumbani, nalo nitalieleza.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara nyingi. Mwaka 1801 chakula kilipokuwa ghali mno, mtoto huyu alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipopata miaka 13 akawa mtumishi wa Bwana George Riebau, muuza vitabu, akipeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akafanywa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka 7, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, Riebau hakumtoza ada yo yote.

Wako washonao vitabu wasivifungue. Faraday alivisoma. Katika Encyclopaedia Britannica iliyoletwa kujalidiwa alikuta habari za umeme, na katika kitabu cha Bibi Jane Marcet akakuta kemia. Wala hakusadiki tu. Kwa vijisenti vyake alinunua vifaa akajaribu mwenyewe. Jioni alitamani kwenda kusikiliza mafunzo ya sayansi nyumbani kwa Bwana Tatum, na kiingilio kilikuwa shilingi moja. Aliyeitoa shilingi ile ni kaka yake Robert, naye mhunzi kama baba yao.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Ada yangu mimi hulipwa na kaka yangu. Fedha za nyumbani zilitosha mtoto mmoja tu, naye akaacha masomo baada ya darasa la saba, akaenda kujifunza kutengeneza baiskeli chini ya mwembe. Siku moja alikuja kunitazama hapa shuleni, mikono imejaa grisi, nami nikawaambia wenzangu kwamba ni jirani yetu. Alisikia.

Turudi London. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa Faraday tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia. Aliyaandika yote, akatia na picha, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akapata kazi ya msaidizi pale Royal Institution. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya msokoto wa waya, umeme hupita katika waya ule. Mitambo ya Jinja yafuata kanuni hiyo hiyo.

Upungufu wake sitauficha. Hesabu za juu hakuzijua maisha yake yote, ikabidi James Clerk Maxwell, aliyesoma chuo kikuu, ayaandike mawazo yake kwa hesabu. Kwa hiyo mtu asitoroke darasani akidai amfuata Faraday!

Watoto hakuwasahau. Kati ya 1827 na 1860 alitoa mafunzo ya Krismasi kwa vijana mara 19, na mengine yalihusu mshumaa tu: kwa nini wawaka, na nta yake yaenda wapi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Likizo iliyopita nilikaa na kaka chini ya mwembe, nikamweleza habari za sumaku na waya. Alisikiliza hata mwisho, kisha akatwaa dainamo ya baiskeli ya mteja, akaifungua kwa bisibisi, akanionyesha sumaku na waya wake. Alivijua zamani! Akaniuliza mbona taa huzimika gurudumu lisimamapo, na sumaku imo. Nikamjibu, akafurahi sana. Juu ya ile siku ya jirani sikupata kinywa cha kusema. Nakala moja ya gazeti hili nitampelekea.