Mtakatifu Monika, Mama Mvumilivu

Zamani sana, karibu mwaka 331, alizaliwa mtoto mwanamke katika mji mdogo wa Tagaste, Afrika ya Kaskazini. Siku hizi mji huo huitwa Souk Ahras, nao umo katika nchi ya Algeria. Wazazi wa mtoto walikuwa Wakristu, wakamwita Monika.

Katika nyumba yao alikaa mjakazi mmoja mzee, aliyembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mchanga. Mzee huyo aliwalea watoto kwa ukali. Hakuwapa hata maji nje ya saa za chakula, ili wajifunze kujizuia. Hata hivyo Monika alianguka. Kila alipotumwa kuteka divai katika pipa, alionja kidogo. Leo tone, kesho matone mawili, mwisho akawa anakunywa karibu kikombe kizima. Siku moja aligombana na kijakazi aliyekwenda naye pipani, na yule akamtukana kwamba ni mlevi. Neno lile lilimchoma Monika. Hakulipa tusi kwa tusi. Aliutazama moyo wake, akaona ni kweli, akaacha siku ile ile.

Alipokua aliolewa na Patrisio, mtu wa Tagaste. Patrisio alikuwa na moyo mwema, lakini hakuwa Mkristu, na hasira yake iliwaka upesi kama majani makavu. Tena hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mji ule wanawake wengi walipigwa na waume zao, wakaonekana na alama usoni. Walishangaa kuona kwamba Patrisio, mwenye hasira nyingi kuwapita wengine, hakumpiga mke wake hata siku moja. Wakamwuliza Monika siri yake. Hasira ya mume ilipowaka, Monika alinyamaza, wala hakushindana naye. Ilipopoa, ndipo alipomweleza kwa upole mambo yalivyokuwa. Kumpiga mke ni dhambi na aibu, na kosa ni la yule anayepiga. Lakini Monika alijua kwamba neno jema likisemwa wakati mbaya huharibika.

Taabu nyingine ilitoka kwa mama mkwe. Wajakazi wa nyumba walimpelekea maneno ya uongo juu ya Monika, naye akamchukia. Monika hakuenda kwa majirani kumsengenya. Aliendelea kumhudumia kwa heshima, siku kwa siku, mpaka yule mama akaona mwenyewe ukweli. Akawashtaki wasengenyaji kwa mwanawe, wakaadhibiwa. Tangu hapo mkwe na mama mkwe wakaishi kwa mapatano.

Monika alikuwa na desturi moja nzuri sana. Wanawake wawili wakichukiana, kila mmoja alikuja kwake kumwaga uchungu wake. Monika alisikia maneno makali ya huyu na ya yule, lakini hakuyapeleka. Alichukua tu lile neno lililoweza kuwapatanisha. Bwana Yesu mlimani aliwataja wapatanishi kuwa wenye heri, na Monika alilitii fundisho hilo uani kwake na kisimani.

Patrisio aliutazama mwenendo huo miaka mingi. Mwisho alishindwa na wema wa mkewe, akabatizwa. Akafa karibu mwaka 371.

Hata hivyo Monika alibaki na jeraha jingine. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alikuwa na akili nyingi mno. Alipopelekwa mji mkubwa wa Kartago kusoma, alikaa na mwanamke asiyemwoa, akafuata dini ya uongo ya Wamanikea. Aliporudi, Monika alikataa kula naye meza moja. Ndipo akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwambia atazame: pale aliposimama yeye, mwanawe naye yupo. Akageuka, akamwona Agostino kando yake. Monika akamkubali tena mezani. Agostino alitaka kuigeuza ndoto, akidai kwamba mama ndiye atakayefuata dini ya mwana. Monika alimjibu mara moja kwamba hakuambiwa hivyo, ila kwamba mwana atakuwa pale alipo mama.

Alimwendea askofu mmoja, akamsihi ajadiliane na Agostino. Askofu alikataa, kwa kuwa kijana alikuwa bado na kiburi na hangesikia. Alimwagiza amwombee tu. Monika alizidi kulia, mpaka askofu akamwaga kwa kumhakikishia kwamba mtoto wa machozi mengi hivyo hawezi kupotea.

Mwaka 383 Agostino aliazimia kwenda Roma. Mama alimshika asiende. Agostino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Usiku ule Monika alisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano karibu na bandari. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwisha kuondoka. Monika alilia ufukoni, akarudi nyumbani, akaendelea kusali. Baadaye naye alivuka bahari. Dhoruba ilipovuma, mabaharia wenyewe walitiwa moyo na mama huyu.

Alimkuta mwanawe Milano, Italia, akisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosio. Kwao Afrika Monika alizoea kupeleka mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Mlinzi wa kanisa akamzuia, kwa kuwa Ambrosio ameikataza desturi hiyo. Monika hakunung'unika. Chakula akawapa maskini, na kwa mashahidi akapeleka sala.

Mwaka 386 Agostino aliacha njia zake mbaya, na saa ile ile akaingia ndani kumpasha mama yake habari. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Ambrosio.

Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Katika bandari ya Ostia Monika alishikwa na homa. Zamani alijitengenezea kaburi karibu na la Patrisio. Sasa aliwaambia wanawe wasisumbuke, wamzike po pote, ila wamkumbuke altareni. Siku ya tisa akafa, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Agostino akawa askofu wa Hippo na mwalimu mkubwa wa Kanisa. Sikukuu ya Monika ni tarehe 27 Agosti, na ya mwanawe ni kesho yake.

Monika hakuhubiri sokoni, wala hakuandika kitabu. Imani yake ilionekana katika kunyamaza kwake, katika kazi zake na katika machozi yake. Nawe ukisikia leo neno baya juu ya mwenzako, liache life kwako.

Maulizo
1. Monika aliponyamaza mbele ya mume wake, alingoja nini?
2. Aliyafanya nini maneno makali ya wanawake waliochukiana?
3. Kwa nini askofu alikataa kujadiliana na Agostino?
4. Nyumbani kwenu, ni nani unayeweza kumpatanisha na mwenzake?