Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyeipa Ng'ambo Sauti

Wahenga walilonga kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu tumekutana na Siti binti Saad darasani, katika wasifu uliotungwa na Shaaban Robert, na aghalabu tumeusoma ili kuchunguza mtindo wa mwandishi. Makala haya yanamgeukia mwanamke mwenyewe: mchuuzi wa vyungu ambaye hakwenda shule, na ambaye hata hivyo aliwasemea wanyonge mahali ambapo sheria ilikuwa imewanyamazisha.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, katika familia yenye asili ya bara, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa tangazo la hali yake, kwa kuwa utumwa haukupigwa marufuku Unguja hadi mwaka wa 1897. Kazi aliyoirithi ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu na mitungi, akaichoma, akajitwika kichwani na kwenda kuiuza kwa miguu. Njiani aliimba ili kuwaita wanunuzi, na wateja wakaitambua sauti yake kabla hawajamwona. Hivyo basi, chuo chake cha kwanza cha uimbaji kilikuwa barabara.

Mnamo mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambaye alimfunza muziki. Baadaye alijiunga na mafundi kama vile Subeti Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruku Talsam. Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya majumba makubwa, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaifikisha Ng'ambo, mtaa wa wachukuzi, wavuvi, vibarua na wazawa wa watumwa. Naye akaja kuitwa Siti, jina la heshima wanaloitwa mabibi. Mtumwa akawa bibi.

Heshima hiyo haikuja bila vita. Wako waliomkejeli kwa nasaba yake na kwa sura yake. Siti hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo uliosisitiza kwamba thamani ya mtu ni akili na mwenendo wake.

Jioni, nyumba yake ya Ng'ambo iligeuka baraza. Majirani walikusanyika kusikiliza mazoezi, wakaleta habari za mtaani na za mahakamani, na habari hizo zikatungiwa nyimbo. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa, mtuhumiwa akatorokea bara, na walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi, kwa kosa la kununua pombe. Mahakama ilikuwa imefunga faili lake. Siti na wenzake waliifungua kesi hiyo upya mbele ya umma, na hukumu ikabaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1928 walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa lugha ya Kiswahili. Kufikia mwaka wa 1931, santuri zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Sauti iliyokuwa ikiuza vyungu sasa ilisikika pwani nzima ya Afrika Mashariki, hata Mombasa na Lamu, na Kiswahili cha mitaa ya Unguja kikasafiri nayo.

Shaaban Robert alizungumza naye katika siku za mwisho za uhai wake. Siti aliaga dunia tarehe 8 Julai 1950. Miongo kadhaa baadaye, wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka wa 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajifunza nini? Tumezoea kuwatafuta wanafasihi miongoni mwa walioshika kalamu. Siti hakuishika, lakini alihifadhi historia ambayo faili za serikali hazikutaka kuihifadhi. Hapana shaka wako akina Siti wengine sokoni na vijijini mwetu, kule tunakokwenda kukusanya fasihi simulizi. Tukikutana nao, tusiandike nyimbo zao pekee na kuwasahau wenyewe. Tuyaandike na majina yao, na kazi za mikono yao.