E.D. Morel, karani aliyesoma madaftari ya meli na kufichua siri ya mpira wa Kongo

Mfanyabiashara wa Kiwanja anayepakiza maharagi na mahindi kwenye Fuso kwenda Goma anajua kwamba gari likirudi lazima lirudi na kitu: chumvi, sabuni, mafuta, vitenge, au basi franga mfukoni mwa mwenye mzigo. Magunia yakienda kila juma na gari likawa linarudi limejaa risasi, hakuna mtu sokoni angeiita hiyo biashara. Ni hesabu ya namna hiyo, iliyofanyiwa mbali sana na Rutshuru, ndiyo iliyomfikisha Edmund Dene Morel kwenye siri kubwa ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Morel mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo.

Alizaliwa Paris tarehe 10 Julai 1873, baba Mfaransa na mama Mwingereza. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 4 tu. Mwaka 1891 Morel alipata kazi ya ukarani mjini Liverpool, kwenye kompani ya meli Elder Dempster. Kompani hiyo ilikuwa na mkataba wa kubeba mizigo kati ya bandari ya Antwerp na Kongo, na mkubwa wake, Alfred Jones, alikuwa pia konsuli wa heshima wa Dola Huru la Kongo. Kwa kuwa Morel alisema Kifaransa vizuri, alitumwa Ubelgiji mara kwa mara kufuatilia meli hizo. Ili kuongeza mshahara aliandika makala za biashara magazetini. Makala zake za mwanzo kuhusu Kongo zilimsifu Leopold.

Madaftari ndiyo yaliyombadilisha. Kwanza aliona kwamba mpira na pembe za ndovu zilizoshushwa Antwerp zilikuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyotangazwa na Dola Huru katika ripoti zake. Pesa ya tofauti ilikuwa inaingia kwenye mifuko isiyotajwa. Halafu aliona mizigo ya kwenda: bunduki na risasi kwa maelfu, zikitumwa kwa Dola au kwa makompani ya mpira. La tatu ndilo zito zaidi. Kati ya vitu vyote vilivyoingia Kongo, kama asilimia 80 havikuwa vitu vya kubadilishana na wenyeji hata kidogo. Na wakati huo raia wengi wa Kongo walikuwa hawaruhusiwi kutumia pesa.

Sasa, mpira haujileti bandarini. Mtu lazima aingie porini, apande mitiririko, akamue utomvu, aukaushe, aubebe siku nyingi. Kama mtu huyo halipwi kwa kitambaa, wala kwa chumvi, wala kwa pesa, analipwa kwa nini? Morel, akiwa gatini Antwerp na karatasi mkononi, alipata jibu moja tu: anashurutishwa kwa bunduki. Makarani wengine waliona karatasi zilezile kwa miaka, wakapiga muhuri na kwenda nyumbani.

Alimpelekea Jones habari hizo. Jones hakupenda kumuudhi mteja mkubwa kama Leopold. Morel alitafutiwa kazi nyingine yenye malipo mazuri zaidi, lakini mwaka 1901, akiwa na miaka 28, mke na watoto nyumbani, aliacha kazi. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail. Mmoja wa waliomsaidia kwa pesa alikuwa John Holt, tajiri wa Liverpool aliyefanya biashara Afrika Magharibi na kuchukia ukiritimba wa Leopold. Si kila aliyemuunga mkono alisukumwa na huruma peke yake.

Lakini jedwali la mizigo halimtoi mtu machozi. Wakaaji wa Kiwanja wanalielewa hilo vizuri. Ripoti ya Human Rights Watch kuhusu mauaji ya Novemba 2008 iliandika watu wasiopungua 150, na ni namba muhimu kwa mahakama na kwa historia. Ila aliyefiwa siku zile hahesabu 150, anataja jina. Morel alifahamu kwamba anahitaji vyote viwili. Akaanza kukusanya barua za wamisionari waliokuwa ndani ya Kongo, zenye kijiji, tarehe na majina, akaziweka pembeni mwa takwimu zake.

Hapo ndipo risasi za kwenye madaftari zilipata maana yake. Wamisionari walieleza kwamba askari walidaiwa mkono wa kulia uliokatwa kwa kila risasi waliyotumia, ili wathibitishe kwamba hawakuipoteza kwa kuwinda. Namba iliyotoka Antwerp kama mzigo ilirudi, kule Équateur, kama kapu la mikono.

Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris, aliyekuwa Baringa, alipiga picha ya Nsala wa kijiji cha Wala. Baba huyo ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kompani ya mpira ABIR. Picha kama hizo zilionyeshwa kwa taa makanisani na kwenye mikutano, Uingereza na Marekani, na kuzungumza kuliko jedwali lolote. Lakini mawakala wa Leopold walipodai kwamba ni visa vya watu wachache wabaya, ni jedwali lililowajibu: watu wachache wabaya hawaagizi risasi za meli nzima.

Machi 1904, pamoja na konsuli Roger Casement, ambaye ripoti yake juu ya safari ya mtoni ilikuwa imetoka punde tu, na mmisionari Henry Grattan Guinness, Morel alianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo. Mwaka huohuo alivuka hadi Marekani na kupokelewa na Rais Theodore Roosevelt. Tume iliyoundwa na Leopold mwenyewe ilirudi kutoka Kongo na kuthibitisha sehemu kubwa ya mashtaka. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo mikononi mwa mfalme. Morel hakuridhika, akakifunga chama mwaka 1913 tu.

Maisha yake baadaye hayakuwa safi yote. Alipinga vita vya 1914 na mwaka 1917 alifungwa miezi 6 gerezani Pentonville. Kisha mwaka 1920 aliandika dhidi ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliowekwa Rhineland, Ujerumani, akiwaita hatari kwa wanawake wa kizungu. Safari hii hakukuwa na daftari nyuma ya maneno yake. Kulikuwa na uvumi na dharau ya rangi, na kalamu ileile iliyowatetea Wakongo iliwachafua Waafrika wengine. Wasifu wake mwingi hupita haraka juu ya jambo hili.

Mwaka 1922 alichaguliwa mbunge wa Dundee, katika uchaguzi ambao Winston Churchill alipoteza kiti chake mjini humo. Alifariki tarehe 12 Novemba 1924, akiwa na miaka 51.