Mama Mfua Nguo Aliyefungua Chuo: Maisha ya Madam C. J. Walker

Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeona tusiweke hesabu na picha peke yake. Tumeweka na habari za mama mmoja wa Marekani aliyefariki zamani. Tumemchagua kwa sababu moja: alifundisha wenzake biashara. Na shauri la kufundisha mabinti zetu biashara ndilo linalotusumbua mwaka huu.

Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba ambako wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye ndiye mtoto wa kwanza katika nyumba yao kuzaliwa akiwa huru. Alipofika miaka saba alikuwa ameshafiwa na baba na mama. Akalelewa na dada yake, akaolewa na miaka 14, akamzaa binti yake Lelia mwaka 1885, na miaka 20 akawa mjane. Shule aliipata kidogo sana, miezi ya kuhesabu kwa vidole. Sisi wenye darasa la saba letu tunamzidi hapo.

Akahamia mji wa St. Louis, walikokuwa kaka zake vinyozi. Kazi aliyoipata ni kufua nguo za watu kwa ujira wa dola moja na senti kidogo kwa siku. Kwa fedha hiyo hiyo akamsomesha binti yake mpaka chuo. Jamani, anayejua kufulia watu anajua hapo pana mgongo kiasi gani.

Sasa biashara ilianzaje? Ilianza kwenye shida. Nywele zake zilikuwa zinakatika na kutoka. Wanawake wengi weusi wa wakati ule walikuwa na tatizo hilo, maana majumbani hapakuwa na maji ya bomba, kichwa kilioshwa kwa nadra, ngozi inaota mba na vidonda. Akatumia dawa za mama mwingine mweusi, Annie Turnbo, kisha akawa wakala wake wa kuuza. Mwaka 1905 akahamia Denver na akiba ndogo sana mfukoni. Huko alifanya kazi ya upishi, huku anauza. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua mambo ya matangazo ya magazeti, akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Mafuta yale hayakuwa na uchawi: msingi wake ni mafuta mgando na salfa. Alitembea nayo mlango kwa mlango, kanisa kwa kanisa, akionyesha kwa mikono yake namna ya kuosha na kupaka.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Angeweza kuendelea kuuza makopo tu. Lakini mwaka 1908 yeye na binti yake walifungua chuo huko Pittsburgh, wakakiita Lelia College. Mwanafunzi alifundishwa kusafisha kichwa, kutibu ngozi, kutumia kitana cha moto, na vilevile namna ya kuuza na kujitegemea. Aliyekuwa mbali alisoma kwa njia ya posta kwa ada ya dola 25. Ada haikuwa ndogo kwa mfua nguo, tusidanganyane. Ila mwanafunzi akimaliza alitoka na ujuzi, na bidhaa alinunua kwa Madam. Kwa hiyo kila aliyefuzu alikuwa mteja wa kiwanda, na yeye mwenyewe ana saluni yake nyumbani. Mwaka 1910 makao yakahamia Indianapolis, kukawa na kiwanda, saluni na mafunzo mahali pamoja. Yeye mwenyewe, fedha ilipopatikana, aliajiri mwalimu wa kumfundisha yale aliyoyakosa utotoni.

Wakubwa hawakumtazama. Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, mwenyekiti Booker T. Washington hakumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa, akaeleza alivyotoka shamba la pamba, akaingia kwenye beseni la kufulia, akaingia jikoni, mpaka akajijengea kiwanda kwenye ardhi yake. Mwaka uliofuata alialikwa kuwa msemaji.

Agosti 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, zaidi ya wanawake 200. Zawadi alizitoa kwa waliouza sana, na pia kwa waliochangia sana wenye shida. Hilo la pili limetupendeza kuliko yote, na hatujaona vikundi vingi vikilifanya.

Wanachama wengine husema kumfundisha mtu kazi yako ni kujifugia mshindani. Hatuwezi kuwaambia wamekosea. Madam mwenyewe alijifunza kwa Annie Turnbo, kisha akaja kuwa mshindani wake mkubwa, na mama yule aliumia sana. Lakini hata Annie Turnbo hakufunga milango: mwaka 1918 alifungua chuo chake St. Louis, akakiita Poro, naye akafundisha.

Madam Walker alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51. Watu humwita milionea. Mali yake ilipohesabiwa ilikuwa kama dola laki sita. Katika wosia aliacha theluthi mbili ya faida ya baadaye iende kwenye misaada. Kampuni ilibaki kwa binti yake, na mwaka 1927 jengo kubwa lenye jina la Walker lilifunguliwa Indianapolis, ndani yake mna kiwanda, ukumbi na shule ya urembo.

Shauri la kutenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa mafunzo ya mabinti waliomaliza shule limo kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Wenye hoja ya ushindani nao waje nayo, isibaki kisimani.