Kigeli Rwabugiri na Watu Wake wa Akiba

Hapa kwetu Remera hakuna mtoto asiyelijua jina la Kigeli IV Rwabugiri, mfalme wa vita. Mimi nataka kuwaeleza jambo moja tu: jinsi alivyopata watu wa kupigana kwa muda wa karibu miaka 30.

Alitawazwa mnamo mwaka 1867, angali kijana. Tangu hapo hakutulia. Alipigana Ijwi, Bushi, Ndorwa na Nkore. Askari wa mshahara hakuwa nao. Katika Rwanda ya siku zile kila mwanamume, awe mfugaji au mkulima, alizaliwa katika jeshi la baba yake, yaani ingabo. Vijana waliochaguliwa walifunzwa katika itorero, nao ndio waliotangulia vitani. Waliobaki nyumbani walikuwa akiba: walitoa ng'ombe, chakula na wapagazi. Kikosi kikizeeka, wana wao waliitwa kuunda kingine. Wakuu wa majeshi aliwateua mfalme mwenyewe, na asiyempendeza aliondolewa.

Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Lakini katika enzi ya Rwabugiri hapakuwa na kando. Sotoka ilipoua ng'ombe mnamo mwaka 1891, vita havikukoma. Wakulima nao walitwishwa uburetwa, kazi ya bure kwa machifu, na uchungu wake ulidumu hata baada ya mfalme kufa.

Alifariki mwaka 1895, akiwa katika safari ya kupigana na Bushi. Mara Ijwi ikajitoa. Mwaka 1896 majeshi aliyoyaacha yakapigana yenyewe kwa yenyewe huko Rucunshu, na mrithi wake, Rutarindwa, akafa.

Kwa maoni yangu, Rwabugiri alijua sana kuwaita watu. Kuwarudisha nyumbani wakapumzika hakujua. Leo nchi yetu ina jeshi la akiba, Inkeragutabara, na sisi tunaomaliza sekondari huitwa Urugerero, jina la kambi za vita za zamani, ingawa sisi hushika jembe wala si mkuki. Basi tukiitwa, twende kwa moyo. Nao wanaoita wakumbuke kwamba kila anayeondoka amemwacha mama akilima peke yake.