Stu Ungar: Bingwa wa karata aliyeliwa na mkeka

Mei 1997, Las Vegas, Marekani. Mashindano makubwa kuliko yote ya poka duniani yanakaribia kuanza katika kasino ya Binion's Horseshoe. Kiingilio ni dola 10,000 na orodha ya wachezaji iko mbioni kufungwa. Pembeni yupo jamaa mmoja mdogo wa umbo, amekonda kama ng'onda, macho mekundu kwa kukesha. Usiku kucha amezunguka kwa marafiki akitafuta wa kumlipia. Mfukoni hana kitu. Ajabu ni kwamba jamaa huyo ameshabeba ubingwa wa mashindano hayo hayo mara mbili.

Dakika za mwisho kabisa rafiki yake Billy Baxter, naye mzoefu wa kamari, akakubali kutoa fedha, kwa makubaliano kwamba kitakachopatikana wanagawana pasu kwa pasu. Jina likaandikwa la mwisho kwenye orodha: Stuart Errol Ungar.

Mashabiki wa soka mpango huo mnaujua vizuri. Ni kuchanga dau. Kuanzia Kariakoo hadi Kasulu, na mpaka ndani ya kambi ya Nyarugusu, wapo marafiki wanaokusanya buku buku, kisha wanampa mmoja anayeaminika kuwa ana jicho la mechi, asuke mkeka. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 2015 ikajazwa tena na Warundi, ni mahali ambapo mtu hatoki kambini bila kibali. Safari ya kwenda kwenye mashindano makubwa ni ndoto ya mbali. Lakini ligi ya England inafika kwa simu, na kubeti nako kunafika kwa simu. Ndiyo maana maisha ya Ungar yanawahusu hata wasiowahi kuiona meza ya poka. Huyu bwana karata hazikumshinda. Kilichomfilisi ni kubeti michezo.

Alizaliwa New York Septemba 8, 1953. Baba yake, Isidore, alikuwa na baa, na humo humo akipokea dau za watu kinyemela. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa kampuni ya kubashiri ya mtu mmoja. Kwa hiyo mtoto alikua akiona kitabu cha madeni kinavyojaa majina ya wateja, na nani anayekula mwisho wa wiki. Ungetegemea somo hilo limkae kichwani maisha yote. Halikukaa.

Kipaji chake kilianza kuonekana kwenye mchezo wa karata unaoitwa jini. Jina linatisha kwa Kiswahili, lakini halihusiani na majini. Ni mchezo wa watu wawili, unakusanya karata zinazofanana au zinazofuatana, huku ukikisia mwenzako kashika nini kwa kuangalia anachookota na anachotupa. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 10 tu alishinda shindano la mtaani kwao. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Karata ikishatupwa mezani haikumtoka akilini, na baada ya mizunguko michache alikuwa kama anakuchungulia mkononi.

Mwaka 1967 baba akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Stu alikuwa na miaka 13. Mama akaanza kuugua naye, shule ikaachwa njiani, na kijana akaanza kulisha nyumba kwa karata. Akaangukia mikononi mwa Victor Romano, mtu wa mafia wa New York, aliyempenda kama mwanawe na kumwekea ulinzi. Ulinzi alihitaji kweli, maana dogo alikuwa na mdomo. Akikufunga anakucheka, akipoteza anafoka. Wagawa karata wengi walionja matusi yake.

Tatizo likawa moja: kwenye jini hakuna aliyetaka tena kucheza naye. Vigogo wa New York walikuja mmoja mmoja wakaondoka wamenyolewa. Akaanza kuwapa faida kabla ya mchezo kuanza, kama timu ya ligi kuu inavyoweza kuwapa watoto wa mtaani mabao mawili ya bure, na bado akawafunga. Hata alipohamia Las Vegas, waandaaji wa mashindano ya jini walimwomba asijiandikishe, kwa sababu jina lake likiwa kwenye orodha wengine wanajitoa.

Kuhamia kwenyewe hakukuwa kwa heri. Alikimbia New York akiwa na madeni. Madeni ya nini, wakati mezani hashindwi? Ya farasi na michezo. Fedha aliyoipata usiku kwa karata, mchana aliibeba mwenyewe kuwapelekea wapokea dau. Tabia hiyo alianza nayo ujanani na aliingia nayo kaburini.

Las Vegas wakamjua haraka. Mwaka 1977 mwenye kasino mmoja, Bob Stupak, alimwekea dau la dola 100,000 kwamba hawezi kuhesabu pakiti tatu za karata zilizobaki kati ya pakiti sita, na kusema kipi kimebaki. Akaweza. Kasino zilipoona hivyo zikamfungia milango kwenye michezo ambayo mteja anapambana na kasino yenyewe. Ndiyo akabaki na poka, ambako kasino haina shida na mtu mwenye akili, kwa sababu wachezaji wanakulana wao kwa wao na nyumba inachukua ushuru wake.

Poka ya mashindano hayo ni rahisi kuieleza. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote. Unatengeneza mkono bora wa karata tano, na kati ya kufunua na kufunua unaweka dau, unamtisha mwenzako au unakimbia. Fedha hazionekani, zinasimamiwa na visahani vidogo vinavyoitwa chipu. Zikikuisha, kwaheri.

Ungar aliingia mashindano makubwa ya dunia mwaka 1980 akiwa bado mgeni wa aina hiyo ya poka. Ana miaka 26, lakini sura ya mtoto wa sekondari, na ndipo jina la Dogo lilipomganda. Wachezaji walikuwa 73. Mwishoni akabaki na Doyle Brunson, jitu la Texas lenye ubingwa mara mbili. Dogo akamtoa, akaondoka na dola 365,000. Mwaka 1981 akarudi akatetea taji, mara hii akimfunga Perry Green. Kwa mashabiki wa soka ni sawa na chipukizi kuja Ligi ya Mabingwa msimu wa kwanza akabeba kombe, msimu wa pili akalibeba tena.

Hapo ndipo unapojiuliza fedha zilikwenda wapi. Wanaokadiria wanasema katika maisha yake alishinda kama dola milioni 30. Hakuwahi kuwa na akiba ya kueleweka. Alibeti mpira wa Kimarekani, kikapu, farasi, chochote kinachokimbia. Wikiendi moja iliweza kumeza kazi ya miezi. Baadaye yakaongezeka madawa ya kulevya, kokeini, iliyoanza kama kitu cha kumfanya asilale mezani na kuishia kuwa bosi wake. Ndoa ikavunjika mwaka 1986. Mwaka 1989 mtoto wake wa kambo, kijana aliyempenda sana, akajiua. Waliomfahamu wanasema baada ya hapo hakurudi kuwa yule yule.

Mwaka 1990 ulitoa kioja ambacho sijasikia mfano wake kwenye mchezo mwingine wowote. Ungar aliingia mashindanoni, akacheza siku mbili akiwa na mlima wa chipu. Siku ya tatu kiti chake kikawa kitupu. Wakaenda kumtafuta hotelini, wakamkuta sakafuni hajitambui kwa kuzidisha madawa. Chipu zake ziliachwa mezani, kila mzunguko zikikatwa kiasi cha lazima ambacho kila mchezaji anadaiwa. Pamoja na kukatwa huko, bila mtu kitini, zilimfikisha nafasi ya tisa na akalipwa. Ni kama timu iliyokimbia uwanjani kipindi cha pili ikiongoza kwa mabao mengi kiasi kwamba wapinzani wanashindwa kuzisawazisha kwa goli tupu.

Sasa turudi 1997. Wachezaji walikuwa 312, na watu wengi hawakumtambua. Alivaa miwani ya duara ya bluu, iliyosaidia kuficha pua iliyobomolewa na kokeini. Siku ya kwanza alikuwa anasinzia mezani. Marafiki ndio waliombeba. Baxter alimfokea. Mike Sexton, rafiki mwingine wa siku nyingi, alimtia moyo aendelee. Alipolala usiku mmoja kama binadamu, akaamka Dogo wa 1981. Mfukoni alikuwa na picha ya binti yake, na kila baada ya muda akaiangalia.

Fainali ilipelekwa nje, barabarani Fremont, kwenye joto la jangwa, watu wamejaa kama mechi ya watani. Akabaki na John Strzemp. Katika mkono wa mwisho wote walikuwa na ree, Strzemp ana nane pembeni, Ungar ana nne. Kwa hiyo Ungar alikuwa nyuma. Zikafunuliwa ree, tano, tatu, kisha tatu nyingine. Bado yuko nyuma. Karata ya mwisho kabisa ikawa mbili, na hapo akapata mfuatano kuanzia ree mpaka tano. Bingwa wa dunia kwa mara ya tatu, miaka 16 baada ya taji la pili. Dola milioni moja, nusu yake kwa Baxter kama walivyokubaliana.

Itazame hiyo mbili vizuri. Huyu ni mtu ambaye wengi wanamwita mchezaji mwenye kipaji kikubwa zaidi aliyewahi kushika karata, na bado siku hiyo aliokolewa na bahati. Tofauti ni kwamba mezani bahati ilimkuta ameshafanya kazi siku nne, akiwasoma watu usoni, akikimbia mikono mibovu, akichagua wakati wa kushambulia. Kwenye mkeka huna uso wa kusoma. Unapambana na kampuni iliyokwisha piga hesabu kabla hujafungua simu. Chukua mechi kumi, kila moja ukiwa na uhakika wa asilimia 70, ambao ni uhakika mkubwa. Nafasi ya zote kumi kutiki ni chini ya mara 3 katika mara 100. Ungar alizijua hesabu hizi kuliko sisi wote, maana nyumbani kwao ndizo zilizonunua chakula. Lakini hakuweza kukaa saa moja bila dau mahali fulani. Simba na Yanga zote mbili zimewahi kuvaa jina la kampuni ya kubashiri kifuani, na fedha hizo hazikutoka mbinguni.

Zile nusu milioni hazikufika mbali. Miezi michache tu zikawa zimekwisha, kwa madawa na kwa kubeti.

Mei 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena kiingilio akatetee taji. Watu walimsubiri. Dakika chache kabla ya mchezo kuanza, Ungar akasema hataweza. Akabaki chumbani hoteli ile ile, bingwa mtetezi, wenzake wanacheza chini.

Miezi iliyofuata alionekana akiomba fedha kwa wachezaji wa poka, na waliompa walijua zinaenda kwenye madawa. Stupak, yule yule aliyeliwa dola 100,000 miaka 21 nyuma, akakubali kumsimamia, alipe madeni yake na kumwingiza mashindanoni. Akampa kianzio. Novemba 22, 1998 Ungar akakutwa amekufa kwenye chumba cha moteli ya bei rahisi iitwayo Oasis, hapo hapo Las Vegas. Moyo ulikuwa umechoka kwa miaka ya madawa. Alikuwa na miaka 45, na dola kama 800 tu.

Mwaka 2001 jina lake liliingizwa katika orodha ya magwiji wa poka. Inatajwa kwamba kati ya mashindano 30 aliyoingia yenye kiingilio cha dola 5,000 na kuendelea, alishinda 10. Kwenye mazishi yake, Stupak alipita kwa waliohudhuria wakachanga fedha za kumzika.